Nafasi Juu ya Dari

Alhamisi, 5 Februari

Mume wangu,

Barua hii nimeikunja katikati ya michoro ya ghorofa ya pili, kama kawaida yetu. Dereva wa ofisi anaondoka kesho asubuhi na lile kopo refu la kubebea michoro, na watu wa tawini wakikuuliza kwa nini lazima ulifungue wewe mwenyewe, endelea kuwaambia unaogopa karatasi zitachanika. Hapa nyumbani tu wazima. Mama yako anakusalimu, ingawa salamu zake zote umeshazisikia kwenye simu. Mimi ndiye sikupata nafasi ya kusema hata neno moja la maana, kwa sababu kila nikiishika simu anasogea na kuanza kuchangia. Barua pepe ya ofisi nayo inasomwa na kila mwenye macho. Kwa hiyo wacha watucheke, mimi nitaendelea na karatasi yangu na kalamu yangu.

Sasa kaa chini nikupe habari. Jana Mzee Rula, na umeneja wake wote, aliingia chumba cha wachoraji akijipigapiga pajani na ile rula yake, akatangaza kwamba kampuni inaachana na michoro bapa. Kuanzia mwaka huu jengo litachorwa kwenye kompyuta likiwa limesimama zima, na kuta zake, boriti zake, mabomba yako ya maji, mifereji yangu ya hewa na nyaya za watu wa umeme, vyote ndani ya modeli moja. Kuna programu mbili za kuchagua. Mimi nimepewa kazi ya kuzijaribu hapa makao makuu, nanyi mtazijaribu huko tawini, kisha tupendekeze moja.

Hapa tumeshazibatiza. Ya kwanza tunaiita Kisanduku, kwa sababu jengo unaligeuza kama kisanduku mkononi: ukisogeza kipanya kidogo tu, nyumba nzima inazunguka, unaiona juu, chini na mgongoni. Ya pili tunaiita Mkate, maana inakuonyesha jengo vipande vipande, nalo limetulia tuli. Mkate ni mwepesi kujifunza, siwezi kukataa. Lakini modeli ya Mkate inakaa kwenye kompyuta moja tu, wakati Kisanduku kinaruhusu watu wa ofisi mbili kuchora ndani ya jengo lilelile.

Umeona ninakoelekea? Nilimuuliza mzee palepale mbele ya watu: kama mtu aliyekaa hapa anaweza kuchora jengo la kule, mtu wa mabomba anafanya nini kule? Akanitazama juu ya miwani, akasema mwezi wa tatu tutafanya jaribio la ofisi mbili. Tukifaulu, utarudi nyumbani. Watu walisikia, hawezi kuruka.

Basi mimi nimeshachagua. Jifunze Kisanduku, bwana, jifunze kama mtoto wa darasa la kwanza. Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, na mama yako ameanza kukiangalia kwa jicho la kuhamia.

Wako,
Bi Upepo


Jumapili, 8 Februari

Mke wangu Bi Upepo,

Barua imefika salama ndani ya ghorofa ya pili. Niliisoma nimesimama, nilipofika kwenye neno la kurudi nikakaa. Chumba walichonipangishia kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta ule nimeutazama mpaka nyufa zake nazijua kama ndugu. Nguo nafua mwenyewe. Lile shati langu unalolipenda limekuwa la waridi, usiniulize.

Mafunzo yameanza. Mwalimu alilitupa jengo ukutani kwa ile taa yao, akaanza kulizungusha huku na huku kuonyesha ufundi. Mimi nilitoka kidogo kupunga hewa, chumba kilikuwa na joto.

Kuhusu kuchagua, mke wangu, mimi naona tusiwe na haraka. Mkate nao una uzuri wake. Umetulia. Mtu wa mabomba anatakiwa kuona mwinamo wa bomba la majitaka, na mwinamo unaonekana vizuri jengo likiwa limekaa mahali pake, halichezi. Isitoshe, Mzee Rula ni mtu wa huruma akibembelezwa. Huenda akanirudisha hata kwa Mkate. Wewe mwenyewe ukimpelekea maneno mazuri hakukatalii. Hebu fikiria tena.

Msalimie mama. Mwambie kitanda kina mwenyewe.

Wako kabisa,
Bwana Bomba


Alhamisi, 12 Februari

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta sababu, sijaiona. Umetulia! Tangu lini unachagua kitu kwa sababu kimetulia? Ungekuwa unachagua hivyo usingenioa mimi.

Nakuambia waziwazi ili tusizunguke: Mkate haukurudishi nyumbani. Nilishambembeleza mzee, akasema huruma ni yake na mikataba ni ya kampuni, na tawi lazima liwe na mtu wa mabomba mpaka modeli ifanye kazi bila yeye kuwepo. Njia ni hiyo moja. Ukisema Mkate, unasema utabaki huko.

Leo nilikuwa napanga kabati la michoro ya zamani, nikakutana na ile shule ya ghorofa tatu. Unaikumbuka? Ndiyo kwanza nimeajiriwa, mifereji yangu mikubwa inataka kupita juu ya dari, na palepale limelala bomba lako la majitaka. Kila mtu ofisini anajua bomba la majitaka halimpishi mtu, kwa sababu lazima lishuke polepole mpaka mwisho, na mfereji wa hewa ndio unaokunja. Nilikaa nimenuna nikitafuta pa kukunjia. Asubuhi nikakuta umelihamisha bomba lote, tangu chooni mpaka nje, ukaanza mwinamo upya, bila kuniambia neno. Mzee Rula akakufokea mbele ya chumba kizima. Wewe ukasema tu kwamba upande ule ulikuwa mzuri zaidi. Mimi siku ile ndiyo niliyokupenda, ya posa ilikuwa ni kukamilisha tu.

Tunafanya mazoezi kwenye korido ya hospitali ya wazazi, ile ndefu kutoka ngazini mpaka chumba cha kujifungulia. Mifereji yangu nimeshaiweka. Chora mabomba yako juu ya dari ileile unitumie modeli, nione.

Anayekusubiri,
Bi Upepo


Jumapili, 15 Februari

Mke wangu,

Haya, Kisanduku ni Kisanduku. Umeshinda. Modeli ya korido imetumwa jana na mabomba yote yamo. Hapa kazi ni nyingi, ndiyo maana barua ni fupi, usininunie. Ile shule naikumbuka. Upande ule ulikuwa mzuri zaidi kweli.

Bwana Bomba


Alhamisi, 19 Februari

Mume wangu,

Modeli nimeifungua. Programu ikigundua kitu kimepita ndani ya kingine inakipaka rangi nyekundu, na korido yako yote ni nyekundu. Bomba la maji baridi limenitoboa mfereji tumboni na kutokea upande wa pili. Bomba la majitaka limepita katikati moja kwa moja kama limetumwa dukani. Hakuna hata kona moja uliyopinda. Hukunitazama kabisa.

Mhasibu aliyekuwa amesimama nyuma yangu alisema hiyo ni kompyuta tu, nisiichukulie moyoni. Lakini mimi mkono wako naujua. Tangu tuanze kazi hujawahi kuchora bomba bila kuuliza kwanza mimi nitapita wapi. Leo hukuuliza. Sijui nifikirie nini, na sipendi ninachofikiria. Dereva naye, nilipomuuliza habari zako, akasema siku hizi kwenye kiti chako anakaa binti wa umeme, wewe unakaa pembeni. Akasema hivyo halafu akaanza kukagua matairi.

Kama umezoea huko, niambie. Mimi ni mtu mzima.

Bi Upepo


Alhamisi, 26 Februari

Kopo limerudi Jumatatu bila barua. Nililitikisa, nikatazama ndani kwa jicho moja, nikaingiza mkono. Michoro tu.

Mama yako ameuliza mbona sijala. Nimemwambia ni joto.


Jumapili, 1 Machi

Shikamoo dada,

Hunifahamu kwa sura lakini nadhani umeshanisikia. Mimi ndiye yule binti wa umeme wa huku tawini. Dereva amenieleza ulivyouliza, na alivyokujibu, nikaona heri nikuandikie mwenyewe kabla mambo hayajaharibika. Barua nimeificha kwenye mchoro wa taa, kwa sababu najua kaka hafungui mchoro wa taa. Akijua nimeandika hatanisamehe.

Dada, kaka anaumwa na Kisanduku. Siku ya kwanza ya mafunzo, mwalimu alipolizungusha jengo, kaka alisimama ghafla akatoka. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji ameinama. Akasema ni chakula cha jana. Siku iliyofuata akasema ni joto. Ya tatu hakusema kitu, maana alikuwa ameikumbatia ndoo. Mtu anayepanda ngazi ya tangi la juu kabisa huku anaimba, akitazama nyumba ikizunguka kwenye skrini anapauka kama chaki na macho yanamtoka. Amejaribu kufunga jicho moja. Amejaribu pipi za tangawizi, zimejaa mezani. Hakuna kilichosaidia.

Mwanzoni alitaka Mkate kwa sababu hiyo. Ulipomwandikia kwamba Mkate haumrudishi, aliikunja barua yako akaitia mfukoni, akaniambia, "Basi tutakula hichohicho Kisanduku." Ndipo akaniomba nimchoree. Mimi nakaa kwenye kiti, yeye anakaa pembeni ameipa skrini mgongo, ananiambia bomba lipite wapi. Lakini mimi dada nimezoea nyaya, na waya ni mwembamba, unaupitisha popote. Ile korido nyekundu ni mkono wangu. Yeye hakuiona kabla haijatumwa, kwa kuwa hawezi kuitazama. Barua yako ilipokuja ndipo akajua. Jumapili nilimwona ameandika karatasi tatu akazichana zote.

Anaogopa mambo mawili. Mzee Rula akijua, atamtoa kwenye uchoraji ampeleke kusimamia mafundi kwenye ule mradi wa mbali zaidi. Na wewe ukijua utamhurumia, utapendekeza Mkate, halafu atabaki huku. Kwa hiyo hasemi kwa yeyote. Jaribio ni tarehe kumi na moja, na siku hiyo msimamizi wa tawi atasimama nyuma yake, mimi sitaweza kukaa kwenye kile kiti.

Mimi nina mchumba wangu dada, tena mkali. Nakuomba usiwe na wasiwasi na mimi.

Mdogo wako,
wa umeme


Alhamisi, 5 Machi

Mume wangu mpenzi,

Naomba unisamehe zile barua mbili za baridi. Sikuwa sawa, na nina aibu kukuambia kwa nini, lakini wewe ni mume wangu, nisipokuambia wewe nimwambie nani.

Kisanduku kinanitesa. Jengo likianza kuzunguka tu, kichwa nacho kinafuata, na tumbo linapanda mpaka kooni. Ofisini sijamwambia mtu. Mimi niliyeipigia debe programu hii mbele ya watu, nikionekana natapika kwenye ndoo, nitaficha wapi uso wangu? Tafadhali iwe siri yetu. Hata mama asijue.

Ila nimepata njia, nami nakuandikia ili ufurahi pamoja nami, maana najua wewe huna shida hiyo. Ugonjwa unatoka kwenye kule kuzungusha. Basi mimi sizungushi kabisa. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kufunga mzunguko, nimeufunga, na kipanya sasa kinasogeza tu, hakigeuzi. Halafu kuna kitufe cha kukata, kile chenye picha ya kisu, ambacho mwalimu wetu alikiruka kwa haraka zake. Ukikibonyeza unalikata jengo popote unapotaka, na lililobaki linakaa kimya kabisa, kama Mkate. Nimegawa skrini mara mbili. Kushoto naiona korido kutoka juu, kulia naiona imekatwa kwa ubavu, na mwinamo wa bomba unaonekana vizuri kuliko hata kwenye karatasi. Nikitaka kuona upande mwingine sizunguki kwenda huko: nafunga picha hii, nafungua nyingine, kama mtu anayetoka chumba kimoja kuingia kingine kwa miguu yake. Katikati ya kutoka na kuingia natazama kitu kisichotembea. Mimi natazama mlango. Mabomba na mifereji naichora kwenye picha hizo mbili tu, na ile ya kuzunguka siigusi mpaka mwisho wa kazi, au siigusi kabisa.

Fanya polepole mwanzoni. Ukihisi joto linapanda shingoni, simama, tazama mlango, endelea. Samahani, nimesema ukihisi, nilitaka kusema mimi nikihisi.

Siku ya jaribio haturuhusiwi kupigiana simu. Kila mmoja anachora kwenye nakala yake, saa sita mchana nakala zinaunganishwa na mzee anaangalia. Sitaona ulipopita mpaka mwisho. Sina hofu. Mkono wako naujua.

Mkeo anayekupenda, na tumbo lake,
Bi Upepo


Jumapili, 8 Machi

Mke wangu kipenzi,

Pole, pole sana. Nimesoma nikakusikitikia mpaka basi. Kumbe umekuwa ukiteseka peke yako na mimi niko huku sina habari! Mimi, kama ulivyosema, sina shida hiyo. Kichwa changu ni cha chuma, unanijua.

Lakini kwa sababu mke akiumwa mume anaumwa, nikasema ngoja nijaribu njia yako ili nami niyaelewe mateso yako. Nikaufunga mzunguko. Nikakitafuta kisu. Nikaigawa skrini. Mke wangu, nilichora tangu asubuhi mpaka binti wa umeme akaja kunikumbusha kula, na chakula nilikila chote. Hata mtu mwenye afya kamili naona njia hii inaweza kumfaa. Mlango wetu wa huku una kalenda ya mwaka juzi, ndiyo ninayoitazama.

Yale mabomba mekundu yafute moyoni mwako. Yalichorwa siku mbaya. Niliandika barua za kukueleza, zikakataa kuandikika.

Hapa sijazoea na sitazoea. Nimezoea wewe. Nimezoea kelele zako za asubuhi za kutafuta kiatu ambacho umekivaa. Jumatano nitachora kama mtu anayejenga njia ya kwenda kwao.

Kitunze kichwa. Usizungushe kitu.

Wako,
Bwana Bomba


Alhamisi, 12 Machi

Mume wangu,

Nakala zetu zimeunganishwa jana lakini mzee amejifungia nazo ofisini, na mimi siwezi kukaa kimya. Nakuandikia tu ili mikono iwe na kazi.

Nikueleze nilivyofanya. Nilianza kama kawaida, kuweka mfereji mkubwa katikati ya korido, chini ya boriti. Kisha nikakumbuka mwinamo wako. Nikakumbuka na ile shule, jinsi ulivyofokewa kwa ajili yangu. Nikasema leo ni zamu yangu, bomba la mume wangu lipite katikati limenyooka, asiumize kichwa kutafuta kona. Mfereji mkubwa nikaufuta. Nimeweka miwili membamba, nimeibana kwenye ukuta wa upande wa wodi, imeshuka kidogo lakini inapita. Katikati yote nimekuachia.

Umeniona? Natumaini umeniona.

Bi Upepo


Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu,

Sisubiri Jumapili, naandika leoleo. Nimechora. Nimechora mwenyewe, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, msimamizi wa tawi amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni, na sikutoka nje hata mara moja.

Mabomba yote nimeyasukuma upande wa madirisha. La majitaka nimelishusha chini kidogo ili mwinamo wake utoshe huko pembeni. Msimamizi akainama akanionyesha kwa kidole, akaniuliza, "Mbona bomba lako linakunja kona hapa, na hakuna kitu cha kukwepa?"

Nikamwambia, "Kuna kitu kinakuja."

Katikati ni kwako. Pitisha mfereji mkubwa kama unavyopenda, usikunje popote. Hivi kichwa chako kinaendeleaje?

Bwana Bomba


Alhamisi, 19 Machi

KWA: Mchoraji wa Mifereji ya Hewa, Makao Makuu
KWA: Mchoraji wa Mabomba, Tawi

YAH: MATOKEO YA JARIBIO LA KORIDO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Programu imetafuta migongano kati ya mabomba na mifereji ya hewa katika korido ya hospitali ya wazazi, na haikupata hata mmoja. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona korido isiyo na ugomvi, nikadhani mashine imeharibika. Nikaagiza jengo likatwe ili nitazame mwenyewe.

Mabomba yote yamebanana upande wa madirisha. Mifereji yote imebanana upande wa wodi. Katikati, tangu ngazini hadi chumba cha kujifungulia, mahali pazuri kuliko pote juu ya dari ile, hakuna kitu. Ni nafasi tupu ambayo mimi na tumbo langu hili tungelala chali tukapata usingizi. Na kwa sababu nyote wawili mmeshuka chini ili kumpa mwenzenu nafasi, dari imeshuka kiganja kizima, na daktari yeyote mrefu atafanya kazi humo ameinama.

Kisanduku kinajua kuonyesha vitu viwili vinapogongana. Nimemuuliza mwalimu wa mafunzo kama kina kitufe cha kuonyesha vinapopishana kupita kiasi. Akasema hakuna. Kwa hiyo kampuni itakinunua Kisanduku kama ilivyopendekezwa, lakini korido hii itamaliziwa kwenye meza moja, na watu wawili waliokaa upande mmoja wa meza hiyo wakiulizana nani apite wapi.

Mchoraji wa Mabomba anaagizwa kurudi makao makuu kwa gari la Jumatatu, pamoja na vitu vyake vyote. Kazi za tawi atazifanya akiwa hapa. Sisemi jaribio limefaulu. Nasema dari ipandishwe.

Meneja Mkuu

Nakala: Dereva, aache nafasi kwenye gari.


Jumatatu, 23 Machi
Ndani ya gari la ofisi

Mke wangu,

Hii ndiyo barua ya kwanza ninayoileta kwa mkono wangu, na mwandiko umepinda kwa sababu ya barabara. Kopo la michoro liko kati ya magoti yangu. Binti wa umeme amelia kidogo wakati wa kuagana, kisha akaomba kiti changu, nikampa. Zile pipi za tangawizi zilizobaki nimezibeba mimi.

Kuna jambo nataka ulisome kabla hujaanza kuongea. Ile siku iliponifikia barua yako ya habari za kichwa, jioni nilizungumza na mama kwenye simu. Nikamuuliza kwa ujanja kama hujambo, kama hulalamiki kizunguzungu. Mama akacheka sana. Akasema wewe juzi umepanda juu ya meza kubadilisha taa huku unaongea na jirani dirishani, na kwamba tangu uingie nyumba hii hujawahi kuumwa kichwa hata cha kusingizia. Dereva naye, pamoja na barua hiyo, alikuwa ameniletea salamu za mhasibu. Mhasibu yule ambaye akipanda gari mpaka kona ya pili lazima lisimamishwe. Alitaka kujua kama mateso yake yatanisaidia, kwa kuwa ulimweka mbele ya Kisanduku mchana wa siku mbili, na ndoo pembeni, ukijaribu kitufe kimoja baada ya kingine mpaka ukapata kile ambacho hakikumtapisha.

Kwa hiyo nilijua. Siku ya jaribio nilijua. Wakati msimamizi ananiuliza bomba linakwepa nini, nilikuwa nalijua jibu refu, nikampa lile fupi.

Kesho tutaipandisha ile dari. Nakuonya mapema kwamba katikati ni kwako na sitabadili mawazo. Nawe najua utasema ni kwangu, mzee atapiga meza na rula yake, na tutagombana mpaka saa ya chakula. Nimeyakosa magomvi yale kuliko ninavyoweza kuandika, hasa sasa hivi, maana barabara imeanza kona na dereva ananiambia niache kuandika, nimeshapauka.

Tumeingia mtaa wetu. Naona nguo zimeanikwa, na mama yuko kibarazani, kwa hiyo hii usiisome kwa sauti, atachangia.

Wako, ambaye ukiinua macho utamwona,
Bwana Bomba